Damu Niliyoiita Safi

Migosi, Jumamosi, saa tisa alasiri

Awuor mwanangu,

Mambo ya sweta, ya baridi ya Naivasha unakokwenda kikazi na ya kutofungulia watu mlango ovyo, mama yako ameshakuambia mara saba, na najua atakuambia mara ya nane leo jioni mkirudi kutoka Usenge kumuaga bibi yako. Sitayagusa. Wala sitakuandikia yale ambayo baba wengi huwaandikia watoto wao wanaoondoka: uwe na bidii, umche Mungu, ukumbuke ulikotoka. Barua za namna hiyo nimezisoma nyingi. Wanafunzi wa bweni walikuwa wakiniletea niwasaidie kusoma mwandiko wa baba zao, na karibu zote ziliandikwa na wanaume waliotaka kuonekana wazuri. Mimi leo sina uzuri wa kuonyesha.

Nina jambo moja tu. Tangu utotoni nimekuambia kwamba damu yako ni safi, kwamba ugonjwa wa kaka yako Ouma haukukugusa hata kidogo. Nilikudanganya. Wewe huugui sikoseli na hutaugua, hilo ni kweli. Lakini unaibeba. Na Felix, kijana unayefunga naye ndoa Desemba, naye anaibeba. Alinieleza mwenyewe Jumapili iliyopita, na nikamdanganya yeye pia.

Umesomea kilimo, unajua namna mbegu inavyorithi sifa za mama na baba yake kuliko ninavyojua mimi. Hukuwahi kushuku kwa sababu aliyekuambia ni baba yako, na baba yako ni Mwalimu. Mtaa mzima unaniita Mwalimu kana kwamba ni cheo cha kanisani. Ngoja nikueleze Mwalimu huyo ni mtu wa aina gani.

Nianzie kwa wajinga walionitangulia, maana sikuuzua ujinga huu peke yangu. Nilipotaka kumwoa mama yako, baba zangu wadogo wawili walifunga safari kwenda Usenge kuchunguza ile familia. Ndiyo desturi yetu, na waliifanya kwa makini ambayo hawakuwahi kuitumia katika jambo lingine lolote maishani mwao. Walikaa siku tatu wakila samaki wa watu. Waliuliza majirani kama babu yake alikuwa jajuok, yule mtu anayevua nguo gizani na kukimbia akirushia wenzake mchanga kwenye mabati. Waliuliza kama kuna mtu aliyejinyonga. Waliuliza kama shangazi zake ni wavivu shambani. Wakarudi kwetu Nyamasaria wameshiba, wakatangaza, "Boma ni safi. Hakuna jajuok hata mmoja."

Mama yangu akauliza kuhusu watoto wawili wa bibi yako waliokufa wadogo.

"Homa tu," mmoja wao akajibu. "Vidole vilivimba, macho yakakuwa manjano, wakaenda. Hiyo ni mambo ya watoto."

Hakuna aliyeshtuka, kwa sababu katika nyumba ya mama yangu mwenyewe walikuwa wamekufa watatu, wenye vidole hivyohivyo na macho hayohayo. Mmoja wao nililala naye kitanda kimoja. Wazee wawili wakasafiri hadi ziwani kumtafuta mtu anayekimbia uchi, na hawakuweza kuhesabu makaburi ya nyumbani kwao. Mahari ikapangwa wiki hiyohiyo.

Ouma alipofika miezi minane, mikono yake ikavimba kama maandazi. Tukampeleka hospitali, akapimwa, na daktari mmoja msichana akaniita ofisini. Mama yako alikuwa nje kwenye korido akitembea na mtoto, kwa sababu Ouma alikuwa akilia bila kunyamaza. Kwa hiyo maelezo niliyapata mimi peke yangu. Daktari akageuza karatasi ya dawa akachora masanduku manne. Akasema kila mtu ana herufi mbili katika damu yake, moja ya baba na moja ya mama. A ni nzima. S ndiyo inayofanya chembe za damu zijikunje na kukwama kwenye mishipa, na hapo maumivu huanza. Mimi nilikuwa na A na S. Mama yako vilevile. Hatukuugua kwa sababu A moja inatosha kumshikilia mtu. Lakini mtoto huchota herufi moja kwangu na moja kwake, na hachagui. Sanduku la kwanza, A na A, mtoto asiye na kitu. La pili na la tatu, A na S, mbebaji kama sisi. La nne, S na S.

"Huyo ndiye Ouma," alisema. "Ni mmoja kwa nne, Mwalimu, kila mimba."

Maneno mawili ya mwisho niliyaacha palepale mezani kwake.

Tulipokuwa tukitoka getini nikamwambia mama yako, "Sisi tumeshapata wetu. Watatu wanaofuata ni wazima."

"Uko na uhakika?"

"Kwani mimi nafundisha somo gani?"

Muhula huohuo nilikuwa nafundisha kidato cha tatu mambo ya uwezekano. Nilikuwa na sarafu mfukoni ya kuwaonyesha. Niliwaambia sarafu haina kumbukumbu, haijui ilivyoanguka mara iliyopita, kila ukiirusha inaanza upya. Msichana mmoja akaandika kwenye mtihani kwamba ikiangukia upande mmoja mara tatu, ya nne lazima iangukie upande wa pili. Nilimsomea jibu lake mbele ya darasa ili wamcheke, na walimcheka sana. Yeye alikosea kuhusu sarafu. Mimi nilikosea kosa hilohilo kuhusu watoto wangu, chaki ikiwa mkononi, tena bila udhuru wa utoto. Sikukosea kwa kutojua. Nilitaka iwe hivyo, nikaifanya hesabu iniletee jibu nililolitaka. Dada yako Akoth alikuwa tumboni tayari.

Kulikuwa na la pili, baya kuliko hilo. Mama yako aliniuliza ugonjwa umetoka wapi. Nikasema, "Ni wa kurithi." Basi, nikaishia hapo. Sasa unajua kwetu mke huitwa kwa alikotoka. Kule Nyamasaria mama yako hajawahi kuwa mtu mwingine ila Nyar Usenge, binti wa Usenge. Neno "kurithi" lilipofika kwao halikumaliza siku mbili bila kupata mwenyewe. "Ni damu ya Usenge," walisema. Niliyasikia maneno hayo jikoni kwa mama yangu, nikaendelea kula. Naye mama yako aliyaamini. Alidhani ni yeye peke yake aliyemletea Ouma maumivu, na mimi nilimwona akidhani hivyo, asubuhi na jioni, mwaka baada ya mwaka.

Akoth akazaliwa. Kabla hajatimiza mwaka, vidole vilevile. Hapo Nyamasaria wakagundua kosa jingine. Mwaka huo nilikuwa nimepanda mahindi kabla ya kaka yangu mkubwa, kwa sababu kaka alikuwa Mombasa na mvua haikumngoja. Mdogo kumtangulia mkubwa kupanda ni mwiko, na anayeuvunja hupatwa na chira, ule ugonjwa wa kuvunja mila. Wakamleta mzee mmoja na manyasi, maji ya mizizi ya kusafisha kosa. Nikayanywa, Awuor. Mwalimu wa hesabu, tai shingoni, nimetoka kusahihisha mitihani, nikanywa kikombe kizima ili nisilazimike kutamka kwamba nusu ya jambo hili ni yangu. Kuna watu wanayanywa kwa kuamini, na hao siwacheki. Mimi sikuamini hata tone. Nilikunywa kwa sababu chira lilikuwa kosa la shamba, na kosa la shamba halikuniuma.

Mama yako aliujua ukweli kwa muuguzi mmoja wa kliniki, Akoth akiwa na miaka mitatu na ushei. Alirudi nyumbani, akamlaza mtoto, akaja akasimama mbele yangu.

"Mwalimu, yule daktari alichora masanduku ngapi?"

"Manne."

"Na jina lako ilikuwa kwa ngapi?"

Akachukua blanketi lake akahamia chumba cha watoto. Hakunitukana. Afadhali angenitukana.

Miezi miwili baadaye Akoth akaugua malaria, na mwili wake haukuiweza. Tulimzika Nyamasaria. Shangazi yangu mkubwa, mwenye sauti ya kufika barabarani, akasema mbele ya waombolezaji wote, "Damu ya Usenge imemaliza watoto wetu." Mama yako alinigeukia mimi, akaniangalia, akangoja. Watu waliokuwa karibu waliona kwamba anangoja. Mimi nikaangalia viatu vyangu. Vilikuwa na tope, na niliviangalia hadi watu walipoanza kuimba. Naona aibu ninapoandika haya, na si ile aibu tamu ya wazee wanaotubu kanisani wakapigiwa makofi. Najidharau, mwanangu. Nimejidharau muda mrefu hata nimezoea, na mazoea hayo nayo nayadharau.

Wewe ulizaliwa mwaka uliofuata. Mama yako hakukufurahia, nisikufiche. Alikunyonyesha, alikuosha, lakini alikataa kucheka na wewe mpaka ujulikane damu yako. Siku ya majibu Ouma alikuwa amelazwa, mama yako yuko kando ya kitanda chake, nikaenda maabara peke yangu. Nikasimama kwenye korido nikasoma cheti: A na S. Mbebaji. Hukuwa mgonjwa. Ningeweza kusema hivyo tu, ingekuwa kweli, na ingetosha kumfurahisha.

"Ako na kitu?" mama yako aliniuliza wodini.

"Hana kitu. Msafi kabisa."

Akakaa sakafuni akacheka, akakubeba akakurusha juu, wauguzi wakaja kuangalia. Sikuwa nimesikia kicheko hicho tangu Akoth alipofariki. Nitakuwa mwongo tena nikisema nilidanganya kwa huruma. Nilitaka kuwa mwanaume aliyeleta habari njema. Tena nilitaka pawe na mtoto mmoja ambaye hakuna mtu atakayemtazama na kuuliza damu imetoka upande gani, kwa sababu safari hiyo mama yako alikuwa na jibu, na jibu lilikuwa mimi. Nikajiambia nitasahihisha kesho. Kesho hiyo sasa ina miaka ishirini na miwili.

Hata lile neno "safi" nililolichagua ni la kipumbavu. Ina maana Ouma ni mchafu? Kaka yako ana miaka thelathini. Anatengeneza simu Kondele siku anazoweza, na siku asizoweza analala na chupa ya maji ya moto miguuni akiisema vibaya serikali. Ni mwerevu kuliko mtu yeyote wa nyumba hii. Kuna siku niliwahi kumtaja kanisani kama mfano kwa vijana, wajihadhari kabla ya kuoa. Aliningoja nje. "Mzee, mimi si picha ya kutisha watu," akaniambia. Kwa hiyo usiisome barua hii kama maneno ya mtu anayetamani kaka yako asingezaliwa. Ninachotamani ni kwamba sisi wawili, mama yako na mimi, tungejua na kuamua pamoja, wala si mmoja kujua na mwingine kubahatisha.

Sasa Felix. Jumapili mama yako na wewe mlikuwa jikoni, Felix akasogeza kiti karibu nami.

"Mzee, si ile klasi ya kanisa ya kabla ya harusi walituambia tupimwe? Mimi nilienda. Nimepatikana niko na hiyo ya sikoseli, lakini ni ya kubeba tu. Nikaambiwa kama Awuor hana, hakuna shida. Na ameniambia wewe ndio uko na cheti yake."

"Ninacho."

"Na hana, Mzee?"

"Hana kitu."

"Asante, Mzee. Enyewe nilikuwa nimeogopa."

Akanishukuru, na akanywa chai yangu kwa raha. Kijana wa miaka ishirini na sita alikuwa amefanya, bila kulazimishwa, jambo lililonishinda mimi makaburini: amesema "ninabeba" kwa mdomo wake. Nikamwongezea sukari.

Hesabu yenyewe ni hii, na safari hii nitaifanya sawasawa. Kama ungekuwa huna S, hakuna mtoto wenu ambaye angeugua. Baadhi wangebeba tu. Lakini unayo, na yeye anayo. Kila mimba, robo. Kila mimba inaanza upya, haijui iliyotangulia. Mkipata mgonjwa, anayefuata ana robo yake ileile. Mkipata wazima watatu, wa nne ana robo yake ileile. Mkitaka watoto wawili, uwezekano wa wote wawili kuepuka ni tisa kwa kumi na sita. Uliobaki ni saba kwa kumi na sita kwamba angalau mmoja ataugua. Hiyo ni karibu nusu. Mtu akikuambia robo ni kidogo, mwambie ahesabu tena.

Sikuambii umwache Felix. Wapo wanaooana wakijua, wakampima mtoto mapema na kumwanzishia dawa kabla maumivu hayajamfundisha kulia. Wapo wanaolea watoto wa wengine. Wapo wanaoachana wakalia wakapona. Sijui nyinyi mtafanya lipi, na mtu mwenye historia yangu hana haki ya kupendekeza. Kapimwe upya. Usiamini cheti chochote kinachotoka mkononi mwangu. Nanyi mkiamua, amueni mkiwa wawili, mkijua kitu kilekile saa ileile. Watakuja watu na maneno yao, mchungaji na imani yake, shangazi na damu ya mabomani. Wasikilize kwa adabu, kisha waulize ni usiku gani watakuja wodini kuwapokea zamu.

Nilidhani nimemaliza hapo. Ouma ameingia akitoka kulala, akiwa na blanketi mabegani.

"Unaandika nini, Mzee? Umestaafu na bado unatunga mitihani?"

Nikampa kurasa zote. Nilitaka mtu mmoja azione kabla yako. Amesoma amesimama, mkono mmoja kwenye kiti, na alipofika kwenye jina lake hakucheka.

"Kwa hivyo hii unaweka kwa begi yake."

"Ndiyo. Ataisoma akifika Naivasha."

"Akiwa peke yake."

"Ndiyo."

"Na mathe hatajua. Na Felix ataambiwa na Awuor, si wewe. Wewe utakuwa hapa Migosi unakunywa chai." Amenirudishia kurasa. "Enyewe, Mzee, hata kutubu unatafutia mahali pa kujificha."

Ametoka. Nilitaka kumkasirikia, nikashindwa, kwa sababu ndivyo nilivyokuwa nimepanga hasa. Nilikuwa nimechagua hata mfuko wa begi, ule wa pembeni, ili usiione kabla basi halijapita Kericho.

Basi sitaiweka. Mama yako amepiga simu, mmeshafika mjini na samaki wenu, Felix yuko pamoja nanyi. Mtakapoingia nitawaomba mkae, wote watatu, na nitaisoma kwa sauti nikiwa nimesimama. Ila najijua: nikianza na wazee na jajuok wao mtacheka, nami nitapata mlango wa kutokea. Kwa hiyo nimeandika hapa chini maneno nitakayoanza nayo, na Ouma ameahidi kusimama mlangoni.

Felix, Jumapili nilikudanganya. Mama Ouma, cheti cha Awuor kina A na S; nilikisoma peke yangu nikakuletea uongo, na pale makaburini uliponingoja niseme, nilijua la kusema. Awuor mwanangu, herufi hiyo sijui uliichota kwangu au kwa mama yako. Uongo ulitoka kwangu.

Baba yako